Jumlisha Sita

Jumatatu, 3 Juni

Leo Mwalimu wa Kompyuta ametuletea programu ya kupanga miradi. Inaitwa Sisimizi. Alama yake ni sisimizi aliyebeba jani kubwa kuliko yeye. Ni programu huria, maana yake hainunuliwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuurekebisha. Tena ni toleo la majaribio, 0.3. Mwalimu akasema bado ni mbichi, tusishangae ikianguka, na tukiona kasoro tumwandikie mtunzaji wake. Akasema sisi si watumiaji. Sisi ni wajaribu.

Mjaribu! Nikakaa wima zaidi.

Kila mmoja amejiandikisha na kupewa namba. Mimi ni mjaribu wa 212. Kiranja wa chumba cha kompyuta ni wa 211, kwa kuwa yeye ndiye mwenye funguo na aliingia kwanza. Amenikumbusha hilo mara mbili kabla ya kengele.

Tukaambiwa tuchague mradi. Kiranja amechagua mahafali ya kidato cha nne. Mimi nimeandika "Mapokezi ya Mama." Mama ni mkunga. Yuko katika hospitali ya mji wa mbali, mchana mzima na usiku kucha kwa basi, kwa mkataba wa miaka miwili. Aliondoka miezi kumi na minne iliyopita. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja likizo ya siku tisa.

Hilo ndilo jina la wazi. Jina la siri naliandika hapa tu: Mama Asirudi Kule. Akikuta nyumba inang'aa, watu wamejipanga, nami nywele zimesukwa, atasahau kwamba kuna mahali alikuwa anarudi. Nimelifikiria sana. Sioni dosari.

Jumanne, 4 Juni

Kazi arobaini na moja. Nimezigawa kwa watu. Programu inawaita watu "rasilimali." Ninazo mbili: Baba na Shangazi. Baba ni fundi saa. Shangazi, dada yake, amekuwa akishona sare za shule ukumbini kwetu tangu Mama aondoke.

Nikawaeleza tukiwa mezani. Shangazi akaweka kijiko chini. Akamwambia Baba kwamba binti yake amemwita rasilimali, na yeye si mgodi. Baba akasema hata yeye ameitwa hivyo hivyo. Shangazi akajibu kwamba kaka yake ameshazoea kuchimbwa.

Kazi ya mwisho imenishinda. Nimeandika "Mama anabaki." Programu ikaleta maandishi mekundu: Weka tarehe ya mwisho. Nikaacha wazi. Ikakataa. Kila kazi, inasema, lazima iwe na mwisho. Nikajaribu mwaka ujao, nikaona haba. Mwaka mkubwa kabisa inaoukubali ni 2099. Nimeweka huo. Mama atakuwa na miaka mia na kumi na kitu. Nitamtunza.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa. Nimechapa karatasi ya kwanza kwa majaribio. Sisimizi huweka picha ya jua kando ya kazi za mchana na picha ya mwezi kando ya kazi za usiku. "Shangazi anafagia ukumbi, saa 3." Kando yake, mwezi. Shangazi akauliza kama mimi namwona bundi.

Nimechunguza. Ukiandika 3, programu inasoma saa tisa za usiku. Programu yenye Kiswahili safi namna ile! Inasema tafadhali, inasema samahani, halafu inahesabu saa kigeni, kuanzia katikati ya usiku, kana kwamba jua halichomozi. Nimemwandikia mtunzaji wake. Aya nne, pamoja na salamu, kama tulivyofundishwa. Nimemweleza kwamba kwetu siku huanza jua linapochomoza, na saa ya kwanza baada ya hapo ni saa moja. Nadhani nimeeleweka.

Mwalimu akasema jibu linaweza kuchelewa. Kwa sasa nijumlishe sita. Saa tatu asubuhi niandike 9, na programu itaelewa. Basi nimejumlisha sita katika kazi zote arobaini na moja. Kiranja akapita nyuma yangu akasema kalenda ya ukutani haina haja ya hesabu. Baadaye nilipata jibu zuri sana, lakini tulikuwa tumeshatoka.

Ijumaa, 7 Juni

Kabati la Mama limejaa saa mbovu za wateja wa Baba. Hamsini na kitu, zote zimesimama. Shangazi atalisafisha Baba akishaondoa saa. Baba ataziondoa saa hizo rafu ya dukani ikishapakwa rangi. Wa kuipaka rafu rangi ni Shangazi, naye hawezi kuigusa kabla hajamaliza kabati.

Nikaingiza yote kama walivyoniambia. Programu ikafikiri. Ikaandika: Kazi hizi zinasubiriana. Kisha ikaganda.

Nimemwandikia tena mtunzaji, kwa adabu, kwamba programu makini ingekata yenyewe mzunguko kama huo. Nilipomsimulia Shangazi, akasema hiyo si kasoro ya programu. Hiyo ndiyo nyumba yetu.

Jumapili, 9 Juni

Mama amepiga simu kwa Shangazi, kama kila Jumapili. Sauti yake ina mwangwi, utadhani anaongea akiwa ndani ya sufuria. Nyuma yake mtoto mchanga analia. Kila Jumapili kuna mtoto mchanga analia nyuma yake, na kila Jumapili namwonea wivu. Yeye yuko karibu zaidi.

Atafika Ijumaa, saa tatu asubuhi. Shangazi akaanza kurudia, saa tatu, saa tatu, huku akifunga fundo kwenye uzi wa cherehani. Ndivyo anavyokumbuka mambo. Nikamwomba alifungue. Nikawaeleza wote wawili kwamba siku za kubeba mambo kichwani zimekwisha. Kuanzia sasa karatasi ndiyo itakayojua. Baba alifurahi, maana yeye hutafuta miwani iliyo usoni mwake. Shangazi alinitazama kidogo. Kisha akalifungua fundo.

Mimi sitakwenda kituoni. Ijumaa tuna mtihani wa hisabati hadi saa saba. Nimeshauliza kama unaweza kuahirishwa. Hauwezi.

Jumatatu, 10 Juni

Kwenye chati, Baba alikuwa mwekundu. Programu inasema amebeba asilimia mia na arobaini. Kuna kitufe kimeandikwa "Sawazisha mzigo." Nikabonyeza. Kazi zikaruka kama panzi. Zilipotulia, Shangazi alikuwa amepewa kupaka rangi mlango, na Baba alikuwa amepewa kunisuka nywele.

Nikataka kurudisha. Programu ikaanguka.

Baba alisoma karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Akasema kazi ni kazi.

Jumatano, 12 Juni

Nimesukwa. Jana jioni Baba aliniketisha dukani kwenye kiti cha wateja, akavaa lenzi yake jichoni, akanigawanya nywele kwa kibano cha kushikia skrubu ndogo. Nusu saa kwa msuko mmoja. Mteja mmoja akaingia kuulizia saa yake, akatutazama, akasema atarudi. Misuko ni sita, na hakuna unaoelekea aliko mwenzake.

Alitumia chanuo la Mama, lile la mbao lililopungua meno mawili. Nililitafuta nyumbani mwaka mzima. Kumbe lilikuwa dukani, kwenye droo yenye kibandiko "Vinasubiri wenyewe."

Nilipoingia shuleni nimesukwa hivyo, Kiranja alihesabu misuko kwa sauti, hadi sita. Lakini leo siumii, kwa sababu mtunzaji amejibu! Ameandika: Asante sana, mjaribu wa 212. Hatukuwahi kulifikiria hilo la saa. Umetufungua macho. Tunalishughulikia. Na la mizunguko pia tumelipokea.

Kiranja alisoma juu ya bega langu. Akasema hata hivyo 211 ni namba tasa, haigawanyiki, ilhali 212 inavunjika katikati kama chaki.

Alhamisi, 13 Juni

Leo ndiyo siku ya kuchapa karatasi za mwisho. Kiranja amesimama mlangoni anatikisa funguo. Sisimizi ilipofunguka likatokea dirisha jipya lenye maandishi mengi, linaanza na "Habari njema, wajaribu." Sikuwa na nafasi ya habari njema. Nikabonyeza Sawa.

Nikachapa nakala mbili. Majua kila mahali, hakuna mwezi hata mmoja. Nikaridhika. Saa zenyewe sikuzisoma. Kwa nini nizisome? Niliziandika mwenyewe.

Nakala moja ya Baba, moja ya Shangazi. Nimewaomba waifuate neno kwa neno. Wamenipa ahadi.

Kesho, wakati kama huu, Mama atakuwa ameketi pale kitini. Nimekikalia kidogo, kukipasha moto.

Ijumaa, 14 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Mtihani uliisha saa saba. Nilikimbia njia nzima nikiwa na rula mkononi. Nikakuta viti viko nje. Mlangoni, mtu aliyefunga aproni ya Shangazi amenipa mgongo, anapaka rangi. Nikasema, Shangazi, hiyo ilikuwa kazi ya saa mbili asubuhi. Akageuka. Hakuwa Shangazi.

Hapa nimeruka mistari miwili kwa makusudi, kwa sababu sikumbuki vizuri nilichofanya. Rula ilivunjika.

Mama amekonda. Ananuka sabuni ya hospitali. Mikono ni ile ile.

Alikuwa amefika kituoni saa tatu kamili. Hakuna mtu. Simu yake ilikuwa imezima njiani. Akaketi juu ya begi lake saa nzima, akitazama kila anayeingia. Kisha akapanda pikipiki akaja mwenyewe. Akamkuta Shangazi ukumbini amekaa kando ya mkebe wa rangi ambao haujafunguliwa, anasubiri saa nane, kwa sababu karatasi ilisema saa nane. Wakampigia Baba simu. Ikaita jikoni, alikoisahau. Mama akasema aachwe, atakuja.

Naye akaja, saa nane, amevaa shati la kutokea na viatu vimepigwa rangi, amepita kuchukua kofia aende kituoni. Akamwona Mama mlangoni na brashi. Akasimama. Akatoa karatasi mfukoni, akaisoma.

"Lakini wewe unafika saa tisa," akasema.

"Basi nitoke nje nisubiri?" Mama akamuuliza.

Baba akatazama saa yake ya mkononi. Fundi saa mzima. Kisha akaiweka ile karatasi juu ya kiti, polepole, na siandiki yaliyofuata kwa kuwa nilikuwa nimegeukia ukuta, kwa heshima.

Nimeelewa kilichotokea. Lile dirisha la habari njema lilikuwa toleo 0.4. Mtunzaji alikuwa ameirekebisha programu isome saa kama sisi tunavyozitamka, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwomba, aya nne pamoja na salamu. Ikaona 9, ikasoma saa tisa. Nami nilipoandika 9 nilikuwa na maana ya saa tatu. Mpango mzima ukachelewa kwa saa sita.

Shangazi hakunilaumu. Alisema tu, huku akikunja karatasi yake, "Mimi nilisikia saa tatu, mwanangu. Lakini nilifungua fundo."

Hapo nililia. Mama alikaa saa nzima juu ya begi akitutafuta kwa macho. Nikamwambia nimeharibu. Akasema kazini kwake amezoea kusubiri watu wanaokuja kwa saa zao, na hajawahi kumgombeza hata mmoja.

Kisha akanionyesha mwimo wa mlango. Kuna alama za penseli pale, urefu wangu, moja kwa kila mwaka, zote kwa mkono wa Mama. Kwenye mpango wangu niliandika: "Mlango pamoja na mwimo, rangi nyeupe." Sikuzikumbuka kabisa. Kama saa zingekuwa sahihi, Shangazi angeshazifunika saa mbili asubuhi. Mama alizikuta zipo. Amepaka rangi kuzunguka, ameacha ukanda wa mbao tupu, mpana kama rula.

Akanisimamisha pale. Kisigino ukutani, kidevu sawa. Nimekua vidole vinne bila shahidi.

Ndipo akaziona nywele. Alicheka hadi akajishikiza mlangoni, na rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo sasa mlango wetu una kiganja. Akauliza ni kazi ya nani. Baba akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mama alifumua misuko mitano. Wa sita aliuacha. Alisema huo umesukwa vizuri.

Jumanne, 18 Juni

Siku nne sijaandika. Nilikuwa na kazi ya kukaa karibu na Mama. Akienda jikoni, naenda jikoni. Akifua, nashika vibanio. Jana alinifungia mlango wa bafu akaniambia humo hakuna nafasi ya rasilimali ya pili. Shangazi ndiye aliyemfundisha hilo neno.

Leo ameikuta karatasi ya Baba kitini. Ameisoma yote, hadi kazi ya arobaini na moja. "Mama anabaki, mpaka 2099." Akaikunja mara nne, akaikunjua tena.

"Hii ningependa kuifanya," akasema. "Kuliko zote."

Akaniambia mkataba umebaki miezi kumi. Kumi tu. Nikasema kumi ni mingi. Nilitaka abishe. Hakubisha. Akasema ndiyo, ni mingi.

Jumapili anaondoka.

Alhamisi, 20 Juni

Nimepata! Sijui kwa nini sikuliona mapema.

Nimefungua mradi mpya. Kazi ya kwanza: Mama anaondoka. Nikaifunga isubiri kazi ya pili: mlango upakwe mkono wa pili wa rangi, kwa sababu Mama mwenyewe amesema haondoki akauacha na kiganja. Hiyo nikaifunga isubiri kazi ya tatu: Baba anunue rangi. Na Baba alisema jana, kwa kinywa chake, kwamba hatoki nyumbani kwenda kununua chochote mpaka Mama awe ameondoka. Nikaifunga kazi ya tatu isubiri ya kwanza.

Sisimizi ikafikiri. Ikaandika: Kazi hizi zinasubiriana. Ikaganda.

Sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo kwenye kioo cha kompyuta. Nilikaa nikikitazama hadi kengele. Kumbe kasoro nayo ina matumizi yake. Mama hawezi kuondoka. Si mimi ninayesema. Ni programu.

Ijumaa, 21 Juni

Mtunzaji ameandika. Mjaribu wa 212, tuna furaha kukujulisha kwamba ombi lako la pili limetimia. Toleo 0.5 sasa linakata mizunguko lenyewe. Asante kwa uvumilivu.

Niliufungua mradi wangu. Umekatwa. Kazi zimepangwa zikapangika, moja baada ya nyingine. Juu kabisa: Mama anaondoka, Jumapili, saa moja asubuhi. Jua dogo kando yake. Saa sahihi kabisa.

Kiranja alikuwa amesimama nyuma yangu, kama kawaida. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Aliweka funguo mezani akasema nikiondoka nifunge madirisha, yeye ana mahafali ya kupanga. Kisha akarudi kutoka mlangoni, akasema hata kalenda ya ukutani ina hiyo Jumapili.

Jumapili, 23 Juni

Tulifika kituoni saa kumi na moja na nusu, kwa sababu Baba haamini tena karatasi yoyote. Shangazi alifunga fundo kwenye mkanda wa begi la Mama. Hakusema ni la kukumbuka nini.

Baba akatoa chanuo mfukoni, akamkabidhi Mama. Mama akaligeuza, akapitisha kidole pale palipopungua meno, akamrudishia. Akamwambia alirudishe kwenye ile droo.

Aliniambia nisikue sana kabla hajarudi. Nikasema nitajaribu. Mimi ni mjaribu.

Basi lilipogeuka nilimwona amehamia dirisha la upande wetu, la mtu mwingine kabisa, amemwegemea abiria asiyemjua ili atupungie.

Mlango haukupakwa mkono wa pili. Kiganja kipo. Nimekipima: vidole vyangu vinafika karibu na mwisho wa vyake, si mwisho kabisa.

Jumatatu, 24 Juni

Nimefungua mradi: Mapokezi ya Mama, ya Pili. Mwezi wa Aprili. Kazi sitini na tatu, ili asikose chochote. Kusuka nywele: Baba, aanze mazoezi mapema. Shangazi nimempa rafu, kabati, na kibali cha fundo moja la akiba. Jina la siri ni lile lile, ila safari hii halitashindikana.

Nimemwandikia mtunzaji ombi la tatu, kwamba ziwepo kazi zisizo na tarehe ya mwisho. Nimemweleza kwa nini. Aya saba.

Kisha nikakaa nikatafakari suala la saa, kwa utulivu, kama tulivyofundishwa. Mara ya kwanza saa zilikosewa, na alama zangu za mlangoni zikapona. Mara ya pili saa zilikuwa sahihi, na Mama akaondoka. Ushahidi uko wazi.

Mama anafika saa tatu asubuhi. Nimeandika 9.